Tulimtoa Innocent kwenye kilabu cha kusoma, kumbe ndiye aliyeshika mwisho wa kitabu

Wakuu, salamu kutoka Goma, mji wenye volkano mgongoni, ziwa miguuni na waasi pembeni.

Najua humu mtu akianza kusimulia mnamuuliza sukari iko wapi. Hii si chai. Nilikuwepo, viti vilikuwa vyangu, na aibu tuligawana. Majina tu nimebadilisha, kwa sababu mmoja wa wahusika ni mwanasheria na anapenda kushtaki.

Ni ndefu kidogo. Asiye na bando ajipange.

Mimi ni mgonjwa wa vile vitabu vinene vya kubuni, vyenye ramani mwanzoni na ukoo wa wafalme mwishoni. Mapanga, majoka, mtabiri mlevi, na watu chungu nzima wenye majina yanayofanana. Kuna mfululizo mmoja nimeufuata tangu niko sekondari. Siutaji, msije mkaniletea spoiler.

Ulinianza hivi. Mwaka 2002 lava ilipopita katikati ya mji, wazungu waliofunga ofisi zao mtaa wa Himbi waligawa vitu wasivyotaka kubeba. Wajanja walipata magodoro. Mimi na rafiki yangu Innocent tulichelewa, tukapata katoni ya vitabu vya Kifaransa.

Tome ya kwanza, yaani juzuu ya kwanza ya mfululizo huo, ilikuwemo, haina jalada, inanuka moshi. Tuliisoma tumekaa juu ya mawe meusi ambayo chini yake bado kulikuwa na joto. Makalio yanaungua, macho hayabanduki.

Nimtambulishe Innocent vizuri. Wazazi wake ni watu wa Masisi, vilima vya hapa hapa Kivu, nyumbani kwao wanaongea Kinyarwanda, ni Wakristo wa kusali kweli. Kwetu sisi ni Waislamu, babu yangu alikuja na biashara kutoka Maniema. Tulikulia avenue moja kabla mimi sijahamia upande wa Himbi. Yeye anafunga sola na kufufua betri zilizokufa. Mimi nakodisha viti vya plastiki na maturubai, ambayo huku tunayaita bâche, kwa harusi na misiba.

Sasa huyo mwandishi. Ni mzee fulani wa Ulaya ambaye, kwa ninavyomwona, ameshapatana na kifo kimsubiri. Tome ya pili ilikuja tumemaliza shule. Ya tatu tuliipata tukiwa na ndevu. Kila akitoa moja anaapa kwamba inayofuata haichelewi, halafu anatoa kitabu cha mapishi ya kwenye falme zake. Mapishi, wakuu. Sisi tunangoja kujua nani kamuua malkia, yeye anatueleza supu ya uyoga.

Lakini sisi watu wa Kivu tumezoea kungoja. Waasi wetu nao ni mfululizo.

Kila tome ina herufi mpya za jina la kundi na kamanda yuleyule. Aliyetangazwa redioni kuwa amekufa kwenye tome ya pili anarudi kwenye tome ya nne akiwa jenerali, tena kanenepa. Mbaya wa jana anavalishwa suti na kupewa ofisi, kesho anarudi msituni kwa sababu ofisi ilikuwa ndogo. Na mwisho wa kila tome unasainiwa mkataba kwenye hoteli nzuri ya nchi nyingine. Tofauti ni kwamba cha yule mzee unaweza kukifunga ukaenda kula.

Na kwa kisirani, vitabu na vurugu kwetu vinapigana vikumbo mlangoni. Tome ya nne nilisoma nusu kabla waasi hawajaingia mjini, nusu baada ya kutoka. Ya tano nilikimbia nayo 2021 volkano ilipotema tena, watu wote tukashika barabara ya Sake. Huyu kabeba godoro, yule mbuzi, mwingine televisheni. Mke wangu akaona nina mfuko mzito.

"Iko nini humo?"

"Vitabu."

Hakusema neno hadi tukapita Lac Vert. Ninyi mnaoogopa lava hamjawahi kutembea kando ya mke aliyenyamaza.

Turudi kwenye kilabu.

Tulikuwa watano, tunakutana kila Jumamosi, samedi kama tunavyosema huku. Maître Gaston, mwanasheria wa Himbi, mwenye sebule pana na jenereta, kwa hiyo ndiye mwenyekiti. Prof Kasereka, mwalimu mstaafu wa historia. Mama Zaina, mwenye duka la dawa, mwanamke anayesoma haraka na kukasirika haraka zaidi. Halafu Innocent na mimi.

Mdogo wake Gaston yuko Brussels, na kila tome ikitoka anatuma nakala. Moja. Msiniambie habari za PDF, umeme wetu mnaujua.

Nakala moja, watu watano, kurasa ambazo ukilalia unapata mto. Mngefanya nini?

Sisi tunakichana. Innocent anapasua mgongo wa kitabu kwa wembe, anakigawa sehemu tano, anashona kila sehemu kwa uzi wa magunia na kuivalisha jalada la mfuko wa simenti. Msomaji wa kwanza akimaliza sehemu ya kwanza anampa wa pili, yeye anaendelea na inayofuata. Kitabu kinatembea kwa foleni. Nani aongoze foleni tunapokezana, na sheria ni moja: aliye mbele hafungui mdomo.

Ilipofika tome ya sita, ambayo mzee aliapa ndiyo ya mwisho kabisa, zamu ya mbele ilikuwa ya Innocent. Nyuma yake mimi, halafu Mama Zaina, halafu Prof. Gaston alikuwa wa mwisho na alinuna mwezi mzima.

Kuna jambo la kwenye kitabu lazima niwaeleze, bila hilo hamtaona uchungu wa kisa hiki.

Kwenye huo mfululizo kuna kabila la Wamoreli. Babu zao walivuka milima zamani, wakalima bondeni, wakaoa na kuoza humo humo. Lakini kila vita ikizuka, watu wa mji wanakumbuka ghafla kwamba Wamoreli wana lafudhi. Kwenye tome ya tano muoka mikate wa Kimoreli anafungiwa nje ya lango la mji na watoto wake, na walewale waliokula mikate yake wako juu ya ukuta wanamtazama.

Gaston alilia. Nasema alilia, kwa leso. Alisimama katikati ya sebule yake akasema:

"Batu ba ule muji habana roho. Miye ningefungua mulango."

Prof akaongeza mhadhara juu ya wageni katika historia ya dunia. Mama Zaina akapenga kamasi. Innocent alikuwa ameketi pembeni anakata uzi kwa meno, hakuchangia.

Haikupita muda, waasi wakaanza kuteremka tena kutoka Rutshuru.

Kambi za wakimbizi zikajaa pembeni ya mji, kila nyumba ikawa na shangazi na watoto wa shangazi. Watu walikuwa na hasira, na haki ya kuwa na hasira walikuwa nayo. Ila waasi wako mbali na wana bunduki, jirani yuko karibu na hana. Waasi wanasemekana kuongea Kinyarwanda, na kwao Innocent wanakiongea; mnaelewa hasira ilielekea wapi.

Kwenye avenue ya Innocent vijana wakaanza kurusha mawe juu ya bati lake. Papa Trésor, jirani wa portail kwa portail, yaani geti kwa geti, akaacha kumsalimia. Halafu akaanza kuuliza hewani, kwa sauti, Innocent anapopita:

"Bale banangoja nini kurudi kwabo?"

Kwao wapi sasa? Mama yake Innocent amezaliwa Masisi, na babu yake amezikwa Masisi. Papa Trésor mwenyewe amekuja Goma juzi tu kutoka huko Walikale, lakini yeye hana anayemuuliza.

Chantal, mke wa Innocent, akaanza kufunga mizigo. Alitaka wavuke mpaka waende Gisenyi, upande wa Rwanda, ana dada yake kule. Mama mkwe wake, yaani mama yake Innocent anayeishi nao, akakataa katakata. Nilikuwepo siku hiyo nimepeleka betri ya pikipiki.

"Miye nikivuka leo na huu uzee," mama alisema, "bale batasema, muliona? Alikuwa wa kule. Miye sivuke."

Na Chantal akajibu kwa upole, maana ni binti mwenye adabu: "Mama, mawe haiulizaka mutu ni wa wapi."

Innocent alikuwa katikati ya hao wawili, anatazama betri yangu kama ndiyo itampa jibu. Kumwacha mama hawezi, na kumweka mke na watoto chini ya mawe hawezi pia. Niliumia, nawaambia ukweli. Huyu ni mtu niliyeungua naye makalio.

Siku chache baadaye Gaston akaitisha kikao bila Innocent.

"Mutanielewa," alianza, na mwanasheria akianza hivyo jua kuna kitu hakieleweki. "Innocent ni ndugu. Miye sina shida naye. Lakini bajirani bananiuliza, ule anakuyaka kwako kila samedi ni nani? Tumupumuzishe kidogo, mupaka hali itulie."

Prof akasema historia inatufundisha prudence, yaani tahadhari. Mama Zaina akasema yeye yuko na walio wengi, akiwa anaangalia simu.

Mimi nilipinga. Msinipe medali. Nilisema ni aibu kumtenda ndugu hivyo, halafu nikasema pia kwamba sehemu ya tano ya kitabu iko kwake. La kwanza walilisikia wakalipuuza. La pili hawakulisikia kabisa.

Jioni hiyo Gaston akamtoa Innocent kwenye group la WhatsApp. Aliandika ujumbe mrefu wa amani, na njiwa, na mikono iliyokunjwa, halafu akabonyeza remove.

Sasa tuone akili za wasomi.

Mimi nilimaliza sehemu ya nne. Jamani. Jeshi liko nje, mji unaungua, na yule muoka mikate, yule waliyemfungia nje, amerudi na ufunguo wa lango mkononi. Anasimama mbele ya lango. Ukurasa umekwisha, karatasi ya simenti.

Nikampa Mama Zaina. Kesho yake asubuhi akanipigia.

"Sehemu ya tano iko wapi?"

"Kwa Innocent."

Nikasikia droo ikifungwa kwa kishindo.

"Enda umuombe."

"Si ulisema uko na walio wengi?"

Akakata simu. Prof naye akafika kwenye lango akakwama. Gaston alifika wa mwisho, na alipokwama yeye ndipo jambo likawa la haraka. Aliitisha kikao akatueleza kwamba kisheria kile kitabu ni bien commun, mali ya wote, na hakuna mwanachama anayeweza kubaki na kipande. Mama Zaina akamkumbusha kwamba Innocent si mwanachama, amemtoa yeye mwenyewe. Gaston akasema hiyo ni procédure tu.

Kwetu ukimkosea mtu huendi mwenyewe. Unamtuma mwingine, na hatumwi mikono mitupu. Nikatumwa mimi na kreti la soda.

Nilimkuta Innocent kwenye parcelle yake, kile kiwanja chao chenye ukuta wa mawe ya lava, Chantal ameketi juu ya valise anajaribu kuifunga. Nikatoa ujumbe wa Maître kama ulivyo, pamoja na bien commun. Innocent alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo bananifukuza, halafu banataka mwisho."

"Ndiyo hivyo."

"Basi ubapelekee. Miye siwezi kugombana juu ya karatasi."

Alikuwa tayari kunipa, wakuu. Ndivyo alivyo. Ni Chantal aliyenyoosha mkono akaizuia. Chantal hajawahi kusoma hata ukurasa mmoja wa vitabu hivyo, na kwa miaka yote amevilaani kwa jina.

"Usimupe. Basome hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa inje. Siku ya Mungu, mchana, portail wazi. Weye utabasomea. Avenue yote ione maître ya Himbi anaingia kwetu na miguu yake." Akanigeukia mimi. "Minachoka kuwa mu hii avenue sawa vile hatuko. Kama hakuna mutu anaweza kuikala na siye mu mwangaza, basi kesho yake, lundi, tunavuka, na mama nitamubeba ku mugongo."

Nilirudi na soda zangu, maana hata hizo alizikataa.

Majibu ya kilabu yalikuwa hivi. Gaston alikumbuka ana mteja siku hiyo, Jumapili mchana. Prof akajisikia malaria inakuja. Mama Zaina peke yake aliuliza ni saa ngapi.

Jumapili ikafika na mawingu mazito. Parcelle ya Innocent ni mwamba mtupu, hakuna hata kivuli cha mgomba. Nikafikiri, mimi si ndiye mwenye viti? Si ndiye mwenye bâche? Nikapakia viti vyeupe juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, turubai nikalifunga juu, nikaanza kusukuma.

Kazi yangu ni misiba, nawakumbusha. Nimetandaza bâche kwenye vilio vingi kuliko padri. Na bado akili haikunijia.

Nilipoingia avenue yao, wanawake waliokuwa wanapepeta mchele wakaacha. Mzee mmoja akavua kofia. Nikaona leo heshima ipo, nikamwinamia kichwa naye akaniinamia. Nikafika, nikafunga bâche, nikapanga viti kwa mstari, Innocent akafungua portail mabawa yote mawili. Alikuwa bado na suti nyeusi ya kanisani. Mama Zaina akaingia na mtandio kichwani na uso umekunjamana, kwa sababu njiani alimpigia Gaston na Gaston hakupokea.

Innocent akasimama mbele na zile karatasi, akaanza kusoma, akitafsiri kwa Kiswahili polepole ili Chantal naye asikie.

Jirani wa kwanza akaingia. Mama mzee, kichwa chini. Akamshika Innocent mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, mutoto wangu. Courage."

Innocent machozi yakamjaa. Alidhani anaombwa radhi kwa yale mawe.

"Aksanti, mama. Ilituumiza sana."

"Ninajua. Mungu njo anajua."

Akaingia wa pili, wa tatu, familia nzima ya kona. Wote pole, wote courage. Chantal alipoona hivyo akaanza kulia kwa furaha, na alivyolia, walioko barabarani wakaongeza mwendo. Viti vikaanza kuisha. Mimi nilikuwa nimesimama pale nimevimba kifua, nawaza kumbe fasihi ina nguvu hivi.

Papa Trésor akaingia na gunia la makaa begani. Akaliweka karibu na jiko, hakumtazama mtu, akaketi nyuma kabisa.

Gaston naye akatokea, wakuu. Alikuja na pikipiki, miwani myeusi, barakoa, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Alichungulia portail, akaona umati. Miwani ikatoka, barakoa ikatoka, akapita katikati ya watu akisalimia kushoto na kulia, akaketi mstari wa mbele.

Innocent akaendelea. Muoka mikate yuko mbele ya lango, ufunguo mkononi, na walio ndani wanamlilia afungue. Mzee aliyevua kofia akaitikia, "Amina."

Ndipo yule mama mzee wa kwanza akanivuta shati.

"Mwili iko mu nyumba ao iko morgue?"

"Mwili gani, mama?"

"Ya maman yake."

Jasho lilinitoka mahali sikujua panatoa jasho. Nilitazama bâche yangu. Nilitazama viti vyangu, suti nyeusi, portail wazi, mtu anasoma kwa sauti, mke analia. Avenue nzima ilikuwa imekuja kwenye kilio.

Na kabla sijafungua mdomo, marehemu akatoka ndani na birika la chai.

Hakuna aliyepiga kelele. Kiti kimoja kilianguka, basi. Mama yake Innocent akasimama mlangoni na kitenge chake kizuri, akatazama watu waliojaa uani kwake, ambao miezi yote hiyo walikuwa hawampi hata habari za asubuhi. Innocent akaacha kusoma. Nikasema kwamba hakuna msiba, ni kitabu tu, viti ni kwa sababu ya mvua.

Mnaijua ile hali ya watu kutaka kuondoka na kutoweza? Ukinyanyuka sasa, unatamka mbele ya wote kwamba ulikuja kwa sababu ulidhani amekufa, na kwa kuwa yu hai huna shida naye. Kila mtu alilifahamu hilo, wakabaki wameganda kwenye viti vyangu. Papa Trésor alikuwa ameshanyanyua nusu ya makalio.

Mama akaona bâche. Akaona gunia la makaa, ambalo kwetu hupelekwa msibani. Alielewa haraka kuliko sisi wote.

"Mulikuya kunililia," alisema.

Papa Trésor akarudisha makalio kitini, mama akaendelea.

"Muikale. Siku yenyewe pengine sitapata batu bengi hivi. Témoignages mulileta? Ku kilio batu banasemaka mambo ya mwenye kufa. Museme. Leo nitasikia mwenyewe."

Walidhani anatania. Akaweka birika chini, akavuta kiti, akaketi mbele yao na mikono mapajani, anangoja.

Mama mzee akaanza, kwa sababu mtu alipaswa kuanza. Akasema mama huyu alimfundisha kupanda viazi kwenye udongo wa kubeba, juu ya mwamba, lava ya kwanza ilipomaliza mashamba. Mzee wa kofia akasema alimpa maji ya kisima cha mvua wakati mabomba yalikuwa yamekufa. Mmoja wa wale vijana, na nina hakika mkono wake ulikuwa umeshika mawe, akasema akiwa mdogo alikuwa anakula hapa akitoka shule. Alisema akitazama viatu.

"Na weye, Papa Trésor," mama akasema.

Alisimama. Alijifuta vumbi la makaa mikononi, tena na tena, mpaka nikamwonea huruma, na sikutaka kumwonea huruma.

"Wakati ya volcan," alisema, "mu njia ya Sake. Bibi yangu uchungu ilimukamata. Batu banapita tu, kila mutu na mizigo yake. Huyu mama alifungua kitenge yake, akaitandika mu mawe, akamuzalisha pale." Akaonyesha nyumba yake ng'ambo ya barabara. "Njo maana mutoto wetu anaitwa Espérance. Ni jina yake."

Wote tulilijua jina la mama. Wote walimjua yule mtoto. Avenue nzima imemwita Espérance kila siku na hakuna aliyekumbuka jina lilitoka wapi.

"Iko wapi?" mama akauliza.

"Iko nyumbani."

"Siku mingi sijamuona. Mulikuwa munamukataza kupita hapa. Enda umulete, chai inapoa."

Papa Trésor akavuka barabara. Akarudi amemshika mkono binti mdogo mwenye gauni la Jumapili, akampeleka mpaka kwa mama, akamwachia. Halafu hakurudi kwenye kiti chake. Alisimama hapo hapo na mikono imening'inia, na mimi niliyemchukia mwaka mzima nikajikuta natafuta leso. Sikuwa na leso. Nilitumia kona ya bâche.

Mvua ikanyesha, hakuna aliyeondoka. Vikombe havikutosha, kwa hiyo Chantal akaingia ndani akakata kamba ya valise kubwa, maana vingine alikuwa ameshavipakia huko. Nilisikia akivitoa kimoja kimoja kwenye magazeti.

Katikati ya hayo yote Gaston akainua mkono kama mwanafunzi.

"Na mwisho ya kitabu?"

Mama Zaina alimtazama tu, na mkono ukashuka. Mwisho haukusomwa siku ile. Innocent alikunja karatasi akanipa mimi, kwa kuwa zamu ilikuwa yangu, na foleni ikaendelea kama kawaida. Nimeshausoma. Sitasema kitu zaidi ya hiki: yule mzee ni mwongo, kuna tome ya saba.

Lundi hawakuvuka.

Sitawadanganya kwamba avenue imekuwa pepo. Wapo waliokunywa chai ile na wiki iliyofuata wakarudia maneno yao, ila wanayasema kwa sauti ya chini. Papa Trésor bado ana mdomo, lakini anasalimia, na Espérance anavuka barabara anapotaka. Maître Gaston anatembea Himbi akieleza watu kwamba aliandaa dialogue intercommunautaire, yaani mazungumzo ya makabila, yenye mafanikio. Alimrudisha Innocent kwenye group kwa hotuba. Innocent akaweka dole gumba, akajitoa mwenyewe. Siku hizi tunakutana kwake, na Gaston anakuja bila miwani.

Somo nililopata si la vitabu, wakuu. Kulia kwa ajili ya Mmoreli ni rahisi, hakai portail kwa portail na wewe. Watu wale wote walikuwa na maneno mazuri juu ya yule mama, wameyatunza vizuri kabisa, wanangoja tu afe ili wayaseme.

Uwanja ni wenu, mchangie, na wa kutukana mtukane. Ila kwanza kila mmoja anijibu hili: kuna nani mtaani kwenu ambaye leo humsalimii, lakini kesho ukiona bâche kwake utabeba gunia la makaa uende?

Majina msiandike humu. Vaeni viatu mwende.